NCHI JIRANI: Migodi ya Zambia na Wanyama Wanaoishi Karibu Nayo



Somo letu la safari hii linatoka Zambia, nchi jirani ambayo shaba yake imekuwa ikipita kwetu kwenda bandari ya Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA tangu reli hiyo ilipokabidhiwa mwaka 1976, na kwa malori pia. Tutazungumza habari za wanyama wa porini na wa mtoni wanaoishi karibu na migodi. Tunajua wapo watakaouliza mara moja: chama cha wafanyakazi kina uhusiano gani na kiboko na panya? Mshahara hautoshi, glavu hazipatikani, nanyi mnatuletea habari za swala! Swali hilo ni la haki nasi hatutalikimbia. Tunaomba tu mlishike mkononi mpaka tufike Kabwe.

Tuanze na historia kidogo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 mtafuta madini aitwaye William Collier alimpiga risasi korongo karibu na mto Luanshya. (Tunasema korongo mnyama, yule mwenye pembe aliye jamaa wa palahala, si korongo ndege.) Mnyama alipoanguka, kichwa chake kililalia jiwe lenye rangi ya kijani, na kijani kile kilikuwa shaba. Mgodi uliofunguliwa hapo baadaye ukapewa jina la mnyama huyo kwa Kiingereza, yaani Roan Antelope. Mgodi mwingine wa jirani ukaitwa Bwana Mkubwa, jina ambalo msomaji wetu hahitaji mkalimani kulielewa. Wenyeji walikwisha kuichimba shaba ya Bwana Mkubwa zamani kabla ya Collier kuzaliwa, lakini katika vitabu vya wakoloni kitu hakijagunduliwa mpaka kigunduliwe na wao.

Mei 1935 wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa, na pale Luanshya, kwenye mgodi huohuo wenye jina la korongo, wafanyakazi sita waliuawa kwa risasi. Habari hiyo imeandikwa na inafundishwa, na ni haki ifundishwe. Habari ya yaliyowapata viumbe wa mito na misitu ya eneo hilo kwa miaka mia moja na zaidi imeandikwa kidogo sana, na iliyo nyingi imeandikwa na madaktari wa wanyama katika majarida ambayo mfanyakazi hayaoni. Ndiyo sababu tumeona inafaa kuileta hapa kwa lugha yetu.

UCHAFU UNATOKA WAPI

Msomaji wa shambani au wa kiwandani ambaye hajaona mgodi huenda anadhani shaba huchimbwa kama viazi. Sivyo. Jiwe lenye tani 3 za shaba katika kila tani 100 ni jiwe zuri. Maana yake tani 97 zinabaki, na lazima ziwekwe mahali. Jiwe husagwa mpaka likawa kama unga, likachanganywa na maji na madawa, shaba ikatolewa, na kinachobaki ni uji mzito unaomwagwa katika bwawa kubwa lililozungushiwa tuta la udongo. Hilo ndilo linaloitwa bwawa la topesumu. Mgodi mkubwa unaweza kuwa na mabwawa kadhaa, na kila mwaka tuta huongezwa kimo.

Sasa, uji huo haukai kimya. Mawe mengi ya shaba yana salfa ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi, hewa haiyafikii, na salfa imelala. Yakisagwa na kuwekwa juani na kwenye mvua, salfa hukutana na hewa na maji ikawa asidi, na asidi hiyo nayo inayeyusha madini mengine yaliyobaki katika unga ule: kobalti, zinki, risasi, manganizi na shaba yenyewe. Kwa hiyo bwawa lililoachwa miaka ishirini bila kuguswa na mtu linaweza kuwa bado linatengeneza sumu. Hakuna zamu wala siku ya mapumziko.

Njia ya pili ni moshi. Tanuru la kuyeyushia shaba huitoa salfa ile kwa njia ya hewa. Mufulira upo mtaa uitwao Kankoyo, jirani kabisa na tanuru, ambako kwa miaka mingi miti mingi na mboga zilishindwa kuota, na mabati ya nyumba yalitoboka upesi. Mahali miti haioti, ndege hana pa kujenga, mdudu hana jani, na anayekula mdudu huhama au hufa. Mwaka 2014 ulikamilika ukarabati wa kuikamata sehemu kubwa ya gesi hiyo na kuigeuza asidi ya kuuza. Tunalitaja jambo hilo kwa makusudi, maana wapo mameneja wanaosema moshi ni lazima, ndiyo kazi yenyewe. Si lazima. Ni gharama tu, na wao wanataka ilipwe na mwingine.

Njia ya tatu ni vumbi, na hiyo tutaikuta Kabwe.

MTO KAFUE

Mto Kafue unaanzia karibu na mpaka wa Kongo, unapita katikati ya miji ya shaba, Chingola na Kitwe, kisha unateremka kusini kupitia Mbuga ya Taifa ya Kafue, unaingia katika bwawa la Itezhi-Tezhi, unatanda katika nyanda pana za majani na maji, na mwisho unaingia Zambezi. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 1,500, na zaidi ya nusu ya Wazambia wanaishi katika bonde lake. Mtu akitaka kubuni njia ya kupeleka uchafu wa migodi kwa wanyama wengi kadiri iwezekanavyo, hawezi kubuni iliyo bora kuliko mto huu.

Novemba 2006 bomba la topesumu lilipasuka kwenye mgodi mmoja wa Chingola, uchafu ukaingia mtoni, na maji ya bomba yakafungwa mjini. Wanavijiji walikwenda mahakamani, na kesi ya watu 1,826 ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Aprili 2019 iliamua kwamba wanaweza kumshtaki mwenye kampuni hukohuko London. Januari 2021 pande mbili zikapatana. Tunawapongeza kwa dhati, maana si jambo dogo mvuvi wa Zambia kumfikisha tajiri huko. Lakini mtaona kwamba katika kesi hiyo waliokuwa na wakili ni watu. Fisi maji hakuwa naye.

Tarehe 18 Februari 2025 likaja jambo kubwa zaidi. Tuta la bwawa la topesumu la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia, karibu na Chambishi, lilibomoka. Ilitangazwa kwamba lita milioni 50 za maji ya asidi yenye madini zilimwagika, zikashuka kwa vijito vya jirani mpaka Kafue. Kitwe, jiji la watu wapatao 700,000, likafunga maji. Samaki waliokufa walionekana kwenye kingo umbali wa kilomita 100 chini ya mto, na mashamba ya mahindi na karanga ya kandokando yakaungua. Serikali ilitumia hata ndege za jeshi kumwaga chokaa mtoni ili kuua ukali wa asidi.

Chokaa inasaidia, lakini mfanyakazi afahamu inasaidia nini. Inapunguza asidi, nayo madini yaliyokuwa yameyeyuka huganda na kuzama. Yakizama hayakutoweka, yamekaa kwenye tope la chini. Na chini ndiko anakokula kambale, ndiko wanakozaliwa wadudu wa maji, na ndiko kiboko anakokanyaga na kutifua mchana kutwa. Mvua kubwa ikija, tope lile linaamka.

Hapa tunataka msomaji ashike hesabu moja, hata akisahau nyingine zote. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba katika lita moja. Kwa binadamu, maji yaliyo chini ya hapo yanafaa. Lakini wataalamu wa samaki wamepima wakakuta kwamba kiasi kilicho sehemu moja ya mia ya hicho kinatosha kuharibu pua ya samaki. Samaki anategemea pua kupata chakula, kumjua adui, kutafuta mwenzi na kurudi mahali pa kutagia. Kiasi kikipanda zaidi kidogo, shaba inashambulia matamvua yake, na chumvi ya mwili inavuja kama maji katika mtungi wenye ufa. Kwa hiyo afisa wa kampuni anaposimama mbele ya waandishi na kusema, "Maji yamepimwa, yanafaa kwa binadamu," huenda anasema kweli tupu, na samaki bado wanakufa. Kipimo cha binadamu si kipimo cha mto.

SWALA WA MAJINI

Chini ya bwawa la Itezhi-Tezhi, katika nyanda za Kafue, anaishi mnyama ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wanamwita lechwe wa Kafue. Ni jamaa wa sheshe wetu wa bonde la Kilombero, lakini huyu amezoea maji zaidi: kwato zake ni ndefu, hukimbia penye maji kuliko nchi kavu, na hula majani akiwa amesimama ndani ya maji mpaka tumboni. Pande mbili za mto zimetengwa mbuga mbili za taifa, Lochinvar kusini na Blue Lagoon kaskazini.

Mnyama anayekula majani yaliyoota katika maji humeza na tope. Hilo halihitaji profesa. Mwaka 2001 wataalamu wa udaktari wa wanyama walichapisha uchunguzi wao juu ya lechwe hao, na walikuta risasi imejikusanya katika miili yao. Kumbukeni kwamba nyanda hizi ziko mamia ya kilomita kutoka machimbo ya shaba. Mnyama yuko ndani ya mbuga, analindwa na askari mwenye bunduki dhidi ya jangili, na sumu inapita chini ya miguu ya askari bila kuonyesha kibali.

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lechwe wa Kafue walihesabiwa kuwa zaidi ya 90,000. Hesabu za miaka ya karibuni hazifiki nusu ya idadi hiyo. Je, ni migodi iliyowamaliza? Hapana, si migodi peke yake, wala si migodi kwanza. Mabwawa mawili ya umeme yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalibadili kupanda na kushuka kwa mafuriko, uwindaji uliongezeka, na mifugo imeingia katika malisho. Sumu ya madini ni mzigo ulioongezwa juu ya mgongo uliokwisha kuinama. Tunasisitiza hivyo kwa sababu mjumbe wa wafanyakazi anayekwenda mezani na kumtwisha mwajiri makosa yote ya dunia hupewa jibu moja tu: kosa moja likikanushwa, yote yanatupwa. Nenda na lile unaloweza kulithibitisha.

KABWE

Sasa tumefika tulikoahidi.

Kabwe ilikuwa ikiitwa Broken Hill wakati wa ukoloni. Mgodi wa risasi na zinki ulianzia huko mwaka 1902 na ulifungwa mwaka 1994, miaka 92 ya kuchimba na kuyeyusha. (Ni katika kilima hichohicho, mwaka 1921, wachimbaji walipopata fuvu mashuhuri la mtu wa kale, ambalo mpaka leo liko London.) Mgodi uliendeshwa na makampuni ya kigeni, baadaye ukawa wa umma, na ukafungwa ukiwa wa umma. Tusidanganyane: risasi haikujali bendera gani inapepea langoni. Mwenye mali alibadilika, vumbi halikubadilika. Yalibaki zaidi ya tani milioni 6 za mabaki katika vilima vyeusi visivyofunikwa, upepo unavipepeta juu ya mitaa ya Kasanda, Makululu na Chowa, na vijana wasio na kazi wanavichimbua tena kutafuta kilichobaki.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Zambia pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani walifanya kazi ya miaka mingi mahali hapa, na utaratibu wa kazi yao ndio tunaotaka muuangalie. Walipima udongo. Wakapima panya wa mwituni. Wakapima ng'ombe, wakapima kuku wa mitaani. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya panya wa Kabwe wakiwalinganisha na panya wa Chingola, mji wa shaba. Panya wa Kabwe, hasa wa karibu na mgodi, walikuwa na risasi nyingi zaidi katika viungo vyao, na jambo la pili likaonekana: kadiri risasi ilivyokuwa nyingi mwilini, ndivyo panya alivyokuwa mwepesi kwa uzito. Baadaye walipima hata mijusi, na mijusi nao walikuwa na risasi kwa namna ya mahali wanapoishi.

Angalieni vizuri panya yule. Hakuwa amekufa. Alikuwa akikimbia, akila, akizaa. Mtu akipita hapo angesema wanyama wapo tele, hakuna tatizo. Ilibidi achinjwe na apimwe figo ndipo ijulikane kwamba mwili wake umebeba mgodi.

Mwaka 2015 wataalamu haohao walitoa matokeo ya damu ya watoto 246 wa Kasanda, Makululu na Chowa, wa umri usiozidi miaka saba. Wote, bila kumwacha hata mmoja, walizidi mikrogramu 5 za risasi katika desilita moja ya damu, kipimo kilichokuwa kikitumika wakati huo, na ambacho Marekani ilikishusha hadi 3.5 mwaka 2021. Si kwamba hatari ya Kabwe ilikuwa siri; madaktari walikwisha kuandika juu yake tangu miaka ya 1970. Lakini mwenye macho alikuwa na panya, ng'ombe na kuku wa kumwonyesha mtoto angekutwa na nini, maana wote hao wanakula vumbi la ua mmoja.

Na hilo ndilo jibu la swali mliloshika mkononi.

Kwa nini risasi ni mbaya hivyo? Mwili haujui risasi ni nini. Unaidhania kuwa kalisiamu, ile ya kujenga mifupa, na kwa hiyo unaipokea na kuiweka akiba mifupani. Huko inaweza kukaa miaka na miaka. Jike akibeba mimba au akinyonyesha, mwili huchota akiba ya mifupa ili kumpa mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo. Ni hivyo kwa panya, kwa ng'ombe, na kwa mama anayefanya kazi katika kiwanda cha betri. Risasi pia huzuia mwili usitengeneze damu ipasavyo, na humtia mnyama uvivu na ubutu wa akili. Kwa ndege hupooza firigisi: anakufa njaa tumbo likiwa na chakula.

Wasomaji wetu wa Mombasa hawahitaji kwenda Kabwe kuyaona haya. Mtaa wa Owino Uhuru ulitiwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi. Kiwanda hakina tofauti na mgodi kwa jambo hili, ila ukubwa wa shimo.

"HAKUNA MNYAMA ALIYEKUFA"

Tumekuwa tukisikia maneno haya kila panapotokea mwago, na tunataka kila mjumbe wa tawi ajue kuyajibu. Kwa kawaida mnyama wa porini hafi kwa sumu hadharani. Swala aliyelegea anakamatwa na fisi kabla hajaanguka. Samaki aliyepoteza pua anamezwa na mwenzake. Ndege aliyedhoofu anajificha kichakani, na usiku mmoja sisimizi wanammaliza. Kundi linapungua polepole kwa sababu majike hayazai sawasawa, na watu wa hapo husema wanyama wamehama. Mizoga iliyotapakaa mtoni, kama Februari 2025, ni dalili ya mwisho, ya sumu kubwa ya siku moja. Sumu ndogo ya kila siku haina mzoga.

Kwa hiyo usitafute mizoga, tafuta waliokosekana. Na wa kwanza kukosekana si mamba wala kiboko, ni wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe ya mto. Geuza jiwe katika kijito kisafi utawaona wakitambaa, wa aina nyingi. Geuza jiwe chini ya mtaro wa kiwanda, huenda usione hata mmoja, au ukaona aina moja tu, ile isiyojali uchafu. Jambo hili limefanywa elimu kamili: utaratibu wa kuupa mto alama kwa kuhesabu aina za wadudu hao ulianzia Afrika Kusini, kisha ukarekebishwa ufae mito ya Zambia na ya Tanzania. Unahitaji wavu, beseni jeupe, na mtu aliyefundishwa. Hauhitaji maabara ya kampuni wala ruhusa ya kuona mafaili yake, na hapo ndipo ubora wake ulipo kwa mtu wa hali yetu.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka chini na ndege wadogo katika vizimba, kwa sababu ndege huyo huzimia kwa gesi kabla ya mtu. Ndege wa mwisho walistaafishwa katika miaka ya 1980 vilipopatikana vyombo vya umeme. Wachimbaji wale hawakuwa wapenda ndege kwa kazi. Walijua tu kwamba mapafu ya ndege na mapafu yao yanavuta hewa moja, na kwamba anayezimia kwanza anastahili kuangaliwa kwanza. Sisi tunao samaki, vyura, nyuki na panya bila kuwanunua, na mara nyingi hatuwatazami.

Tunataja nyuki kwa sababu ya ndugu zetu wa mashambani. Mpuliza dawa wa shamba la kahawa au la maua anajua siku nyuki walipoanguka chini ya miti, na anajua siku ileile kichwa kilimwuma. Ndugu wa mkonge wanajua harufu na rangi ya maji yanayotoka korona, na wanajua kijito gani kilikuwa na samaki kabla. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anayechoma zebaki anapaswa kujua kwamba zebaki ikiingia majini hubadilika ikawa sumu inayopanda ngazi: mdudu ana kidogo, samaki mdogo ana zaidi, samaki mkubwa ana nyingi, na furukombe anayemla samaki mkubwa ana nyingi kuliko wote. Na mtu naye anakaa ngazi ileile ya furukombe.

Mkataba Namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, juu ya usalama na afya migodini, ambao Zambia iliuridhia mwaka 1999, unampa mchimbaji haki ya kuripoti ajali na hatari, kudai ukaguzi, kupata habari za usalama na afya alizonazo mwajiri, na kuondoka mahali penye hatari kubwa. Haukuandikwa kwa ajili ya wanyama. Lakini tuta la topesumu linalovuja linavujia kila upande, na mtu wa kwanza kuuona ufa mara nyingi ni mfanyakazi wa zamu ya usiku, si mkaguzi kutoka mjini. Akiwa na chama nyuma yake, atasema. Akiwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu, aliyeona mwenzake akifukuzwa kwa maneno, atanyamaza, na samaki wa kilomita 100 chini ya mto watalipa kimya chake. Hivyo madai ya ajira ya kudumu na madai ya mto safi si madai mawili.

Kwa kazi ya tawi, tunapendekeza mkutano mmoja wa saa mbili, wakiwapo wazee waliokaa mahali penu miaka mingi, maana wao ndio kitabu cha wanyama waliokuwapo. Mjadili haya: maji machafu ya kazini kwenu yanatoka kwa mtaro upi na yanaishia wapi? Ni kiumbe gani kilichokuwapo hapo miaka kumi iliyopita na leo hakipo, na nani anaweza kushuhudia? Mwajiri anapima maji mara ngapi, kwa kipimo cha binadamu au cha samaki, na matokeo anampa nani? Nguo za kazi zinafuliwa kazini, au kila mmoja anapeleka vumbi nyumbani kwa watoto na kuku wake? Na mtu wa zamu ya usiku akiona ufa, anampigia nani simu, na je, jina lake litalindwa? Majibu yaandikwe katika daftari la tawi pamoja na tarehe na majina ya mashahidi, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti.